Ermes, Kilo Tisini na Nne

Wiki ile redio ya Vainer Cavazzuti ilikaa kimya, na mtaa mzima ukajua kuna jambo. Karakana yake iko nyuma ya kanisa la mji wa Formigine, na kwa miaka arobaini na moja haijawahi kufunguliwa bila redio, kwa kuwa Vainer akipima matairi huimba, tena huimba vibaya, na majirani wamezoea. Akinyamaza, jua kuna gari limemshinda. Safari hii gari lenyewe lilikuwa la Ermes Montorsi, rafiki yake tangu wakiwa na makamasi puani, na lilikuwa limerudishwa mara tatu.

Mara tatu, jamani! Vainer ni mtu ambaye gari huligusa mara moja tu, akakukabidhi ufunguo, akakuambia nenda zako na usinisumbue. Wenye magari ya michezo hutoka Parma na Bologna, wengine huvuka milima kutoka Uswisi, wakapanga foleni kungoja mikono yake. Leo Ermes, mtengeneza jibini mstaafu, anakuja kumwambia usukani haufai!

"Linavuta kushoto," Ermes alisema mara ya kwanza, mwanzoni mwa Mei. Alisimama mlangoni na koti lake zito la kahawia, mikono mifukoni. "Nikiuachia usukani kidogo tu, linataka kumbusu kila lori linalokuja."

"Nani amekuambia uuachie?"

"We Kamba, usinifanyie mzaha. Linavuta."

Kamba ndilo jina alilopewa Vainer na mji, na hakuna anayemwita vingine isipokuwa mkewe, Nives, na mtu wa kodi. Siku hizi wenzake wote wa alaimenti, kazi ya kunyoosha magurudumu, wana mashine za mwanga: unaegesha gari, skrini inakwambia kila kitu. Vainer ana vyuma vinne vya kusimamisha, kamba mbili za kuvulia samaki, rula ya chuma na pimamaji. Huzivuta kamba zile ubavuni mwa gari, moja kila upande, zikaenda sambamba kama reli, kisha hupiga magoti na kupima kutoka kwenye kamba hadi kwenye rimu, mbele ya gurudumu na nyuma yake, nusu milimita kwa nusu milimita. Magoti yamekwisha, lakini hataki kusikia habari ya mashine.

Na nusu milimita hiyo si mchezo. Matairi ya mbele yakitazamana pua kidogo, gari hutulia barabarani, lakini usukani unalala usingizi. Unakata kona, gari linafikiria kwanza. Pua zikiachana, gari linaamka, linaingia kwenye kona kabla hujamaliza kuamua, ila kwenye barabara iliyonyooka halitulii, linahangaika kama mtu aliyekalia siafu. Halafu kuna ile nguzo ambayo gurudumu huizunguka likikata kona. Ilaze nyuma, kama uma wa baiskeli unavyolala, usukani utakuwa mzito na utajirudisha wenyewe katikati. Isimamishe, utakuwa mwepesi, lakini hautakuambia kitu kuhusu barabara. Vainer aliyajua haya akiwa na miaka kumi na sita, alipokuwa akifagia sakafu kwenye karakana moja ya magari ya mbio, na fundi aliyemfundisha alikuwa akimchapa kofi la kisogo kila aliposema "karibu sawa". Mpaka leo ukitamka "karibu sawa" mbele yake utatolewa nje.

Mbali na kamba, Vainer ana mifuko. Gari dogo la viti viwili hubonyea upande wa dereva, ambao kule ni kushoto, na likibonyea, matairi nayo hubadili ulalo wake. Kwa hiyo kulipima likiwa tupu, Vainer anasema, ni sawa na kumpima mtu kiatu bila mguu. Kila mteja wake ana mifuko yake ya turubai, imejazwa kokoto za mto Secchia kulingana na uzito wake, na jina lake limepakwa rangi juu pamoja na kilo. Mifuko hiyo ndiyo hukaa kitini wakati wa kupima. Ukutani imepangwa mifuko ya zaidi ya watu hamsini, wanene kwa wembamba, na mgeni akiingia huwa anaisoma na kucheka.

Kilo zenyewe hupatikana mara moja kwa mwaka, tarehe kumi na saba ya Januari, sikukuu ya Mtakatifu Antonio wa wanyama. Siku hiyo Vainer na shemeji yake huchinja nguruwe uani, na wateja wote huja kula. Lakini kabla hujapewa mkate wa kukaanga na glasi ya divai, unapanda kwanza kwenye mizani ya nguruwe. Nives husoma kilo kwa sauti ya mnada, watu wanazomea, aliyenenepa zaidi analipia divai. Ndipo Vainer anachukua brashi na kurekebisha namba kwenye mifuko. Kwa miaka ishirini Ermes na Vainer walikuwa wakilingana, tisini na nne kila mmoja, wakaitwa mapacha wa nguruwe. Na kwa kuwa walilingana, Vainer alikuwa na njia ya mkato kwa gari la Ermes: akimaliza kupima, anaketi mwenyewe, anapanda nalo barabara ya mlimani ya Serramazzoni na kurudi. Likinyooka kwake, limenyooka kwa Ermes.

Januari ile Ermes hakuja. Alipiga simu asubuhi, akakohoa kidogo. "Nina mafua, Kamba. Andika ileile, tisini na nne. Mimi siongezeki, sipungui." Vainer akacheka, akapaka rangi mpya juu ya namba ya zamani, akarudi kwenye soseji zake.

Sasa turudi Mei. Vainer alilipandisha gari lile la rangi ya divai, akaweka mifuko mitatu ya ERMES 94 kitini, akavuta kamba, akapima. Kila kitu kilikuwa pale alipokiacha mwaka jana. Akapima tena, kwa sababu Ermes hakuwa mtu wa kulalamika ovyo. Hakukosea hata robo ya milimita. Akaketi, akapanda mlimani, akauachia usukani kwenye sehemu ndefu iliyonyooka kabla ya kinu. Gari likaenda kama limewekwa kwenye mfereji.

"Halivuti," akamwambia Ermes.

"Linavuta."

"Nimeliendesha mimi mwenyewe!"

"Na mimi nimeliendesha mimi mwenyewe. Tena limekuwa zito. Kona za juu kule mabega yananiuma."

Angekuwa mteja mwingine, Vainer angemtupia ufunguo. Lakini Ermes ndiye aliyesimama naye siku ya harusi, na ndiye aliyembeba begani siku alipovunjika mguu, kilomita mbili kwenye theluji. Basi akafanya jambo ambalo moyo wake haukulitaka: akaisimamisha ile nguzo, akapunguza ulalo wake kidogo, usukani ukawa mwepesi.

Baada ya siku nne Ermes alirudi. Nives alikuwa ameandaa tortellini za mchuzi, vile vifuko vidogo vya unga vyenye nyama ndani, akamkalisha mezani kwa nguvu. Wakagombana juu ya sahani.

"Sasa limekufa," Ermes alisema. "Nashika usukani, sisikii kitu. Ni kama kumpa mkono askofu."

"Wewe ndiye uliyetaka jepesi!"

"Sikutaka maiti. Na bado linavuta kushoto."

"Loo! Ermes, umezeeka. Sema tu umezeeka, hakuna atakayekucheka."

"Mimi na wewe tumezaliwa mwezi mmoja, nguruwe wewe."

Alipoondoka, Nives alikusanya sahani, akasimama nayo moja mkononi. "Hajala. Amezihamisha tu kutoka upande huu kwenda upande ule."

"Amenuna, ndiyo maana."

"Ermes akinuna hula maradufu."

"Nives, tafadhali, mimi nina gari la kutengeneza!" Vainer alifoka, na mkewe akamtazama, akaenda jikoni. Vainer alijua amekosea, na hilo nalo likamwongezea hasira.

Mara ya tatu akaamua kuliamsha gari. Akazitenganisha pua za matairi ya mbele, milimita moja tu, ili usukani uzungumze. Alipoliendesha mwenyewe alitaka kulia kwa uchungu, kwa sababu lilikuwa gari la ovyo. Jepesi katikati, lenye wasiwasi pembeni, halitulii hata kidogo. Vipimo alivyovipata mwaka ule wa kwanza, baada ya wiki sita za kuhangaika, vipimo ambavyo watu walitoka mbali kuja kuviomba, alikuwa amevibomoa kimoja baada ya kingine ili kumfurahisha mtu mmoja mkaidi. Usiku hakulala vizuri. Ermes naye alilichukua asubuhi, akalirudisha kabla ya saa sita.

"Linanirukaruka mikononi," alisema. Alikuwa akihema, japo alikuwa ametembea kutoka kwenye gari hadi mlangoni tu. "Na linavuta."

"Kushoto?"

"Kushoto."

Vainer alirusha spana ikagonga ukuta, ikaangukia mifuko ya watu. "Halivuti! Sikia nikuambie, gari halivuti, halijawahi kuvuta, anayevuta ni wewe! Una mkono mmoja mzito kuliko mwingine, miaka yote ile ya kugeuza majibini mazito ya duara imekupinda!"

Ermes hakufoka. Hilo lilipaswa kumshtua Vainer, lakini mtu mwenye hasira hana macho. "Basi," Ermes alisema, "nitalipeleka Sassuolo kwa yule wa mashine."

Hata shemeji aliyekuwa uani aliacha kupiga nyundo.

"Miaka arobaini," Vainer akasema taratibu, "na leo unalipeleka Sassuolo."

"Jumapili ni mbio za magari za mlima, Kamba. Nina siku tano. Nataka kupanda mpaka juu bila kupigana na gari langu, basi. Si wewe si yule, sijali ni nani."

"Kila mwaka unapanda. Ukikosa mwaka mmoja utakufa?"

"Mwaka huu lazima nipande," Ermes akasema, akafunga koti lake mpaka shingoni, mwezi wa Mei, jua limewaka nje.

Baada ya hapo redio ilizimwa. Vainer alirudisha vipimo vyake vyote vya kwanza, kisha siku nne akalizunguka gari lile. Alibadilisha matairi ya kushoto kwenda kulia. Alikagua breki kama zinashika upande mmoja. Alifungua mpira mmoja baada ya mwingine kwenye mikono ya magurudumu akitafuta uliooza. Aliliendesha mlimani mara sita na mara zote sita lilikwenda sawa kama mshale, na kila liliponyooka ndivyo alivyozidi kuchukia. Gari likikukataa, utajua la kufanya. Hili lilikuwa likimkubali yeye na kumkataa mwenye gari, na hapo fundi ataanzia wapi? Alianza kujiuliza kama si yeye aliyezeeka, kama mikono yake haimdanganyi. Wazo hilo lilimtia hofu asubuhi ya Ijumaa akiwa chini ya gari, na hakumwambia mtu.

Mchana akapiga simu. "Njoo hapa. Nataka uketi mwenyewe kitini nikipima."

"Una mifuko yangu," Ermes akajibu.

"Mifuko haina midomo. Wewe unayo, na inasema gari linavuta. Njoo uketi."

"Sina nafasi leo."

"Mstaafu asiye na nafasi! Njoo, au gari hili nalitia kufuli na Jumapili utapanda kwa baiskeli."

Ermes alikuja saa tisa. Kabla hajafika, Vainer alikuwa amehakikisha tena kila kitu kiko kwenye vipimo vyake vya kwanza, nguzo imelala kama zamani, pua za matairi mahali pake, na amelifunga lile pimamaji kwenye gurudumu la mbele la kushoto. Mifuko mitatu ilikuwa kitini. Kipovu kilikuwa kimekaa katikati ya mistari miwili, kimetulia.

"Tazama mwenyewe," Vainer akasema. "Unaona kipovu? Hapo ndipo kinapotakiwa. Sasa nitatoa mifuko, uketi wewe, kipovu kitabaki palepale, na tutajua mwendawazimu ni nani."

Akatoa mifuko, mmoja mmoja, akigumia. Ermes akaingia polepole, akishika mlango kwa mikono miwili. Vainer akapiga magoti.

Kipovu kilikuwa nje ya mistari.

"Kaa vizuri."

"Nimekaa vizuri."

"Usiegemee mlango."

"Siegemei kitu."

Vainer akaligonga pimamaji kwa kidole. Kipovu kikatetemeka, kikarudi kulekule nje. Akamwambia Ermes atoke, akarudisha mifuko yote mitatu, na jasho likamtiririka. Kipovu kikaingia katikati. Akaitoa tena. "Ingia." Ermes akaingia. Kipovu kikatoka.

Upande wa dereva haukuwa ukibonyea. Gurudumu la kushoto lilisimama kama kitini hakuna mtu wa kutosha. Na gurudumu la kushoto likisimama kuliko la kulia, gari huvuta wapi? Kushoto; hata fagio la karakana lingekujibu. Vainer alibaki amepiga magoti pale, akitazama tone lile la hewa, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze alinyanyua uso akamtazama mtu badala ya gari. Akaona shingo ndani ya kola, nyembamba, kola imebaki pana. Akaona saa ya mkononi ikining'inia kwenye kifundo kama bangili. Koti lilikuwa limefunguka, na mkanda wa suruali ulikuwa na matundu mapya matatu yaliyotobolewa kwa msumari, na ncha yake ilizunguka kuelekea mgongoni.

"Toka," akasema. "Twende kwenye mizani."

"Kamba, acha."

"Nimesema twende kwenye mizani!"

Ermes akavua koti. Chini yake kulikuwa na sweta, na chini ya sweta hiyo kulikuwa na nyingine. Akapanda kwenye mizani ya nguruwe uani, bila kelele, bila wa kumzomea. Vainer alisukuma kile chuma cha kupimia kutoka tisini na nne, akakisukuma tena, akaendelea kukisukuma. Kilisimama kwenye sitini na tisa.

Kilo ishirini na tano. Vainer Cavazzuti, anayeona nusu ya milimita kwa macho matupu, anayeamka usiku kwa ajili ya robo, alikuwa amepitwa na kilo ishirini na tano za rafiki yake. Mwezi mzima zimeketi mbele yake mezani, zimesimama mlangoni kwake zikihema, na yeye akazitupia spana. Aibu hiyo hakuwa na njia nyingine ya kuitoa, basi aliitoa kama anavyotoa kila kitu.

"Nani amekupa ruhusa?" alifoka. "Eh? Nani amekupa ruhusa ya kuumwa bila kuniambia? Mwezi mzima nabomoa gari! Nilidhani mikono yangu imekufa! Nilidhani mimi ndiye!"

"Ni tumbo," Ermes akasema kutoka juu ya mizani. "Tangu Novemba. Hospitali ya Modena walinipasua Desemba, siku zile nilizokuambia niko kwa dada yangu baharini. Sasa kila Jumanne ya pili wananiwekea zile dripu za dawa kali."

"Na wanasemaje?"

"Wanasema tungoje tuone." Akateremka, akaanza kuvaa sweta zake. "Sikutaka Nives anisomee kilo mbele ya watu. Basi, hilo tu. Nilisema nitarudisha unene kabla ya Januari nyingine, na hakuna atakayejua."

Wahenga wana methali, mficha maradhi kilio humfichua. Ilimfika Vainer ulimini, akaimeza, kwa kuwa si kila methali hutamkwa mbele ya mwenyewe. Badala yake akasema, "Nipe saa mbili. Nitapunguza kokoto mpaka sitini na tisa, nitalipanga gari upya, Jumapili litakuwa limenyooka."

"Hapana."

"Hapana nini tena, Mungu wangu?"

"Usilipange kwa sitini na tisa." Ermes alikuwa amekunja uso, uso uleule wa ukaidi wa shuleni. "Gari lile ni la mtu wa tisini na nne, na mtu huyo mimi bado namngoja. Ukifuta ile namba kwenye mfuko, siji tena hapa. Nakuapia, Kamba."

"Litavuta!"

"Wewe si fundi? Fanya lisivute."

Vainer alimtukana. Alimtukana kwa lahaja yao ya Formigine, matusi ambayo sitayaandika hapa, na Ermes akayajibu yote, na Nives aliyetoka jikoni akidhani wanapigana aliwakuta wamesimama kando ya mizani wakitukanana, machozi yanawatoka. Alitazama mahali chuma kiliposimama, akaelewa. Akarudi ndani kuweka mchuzi motoni.

Jioni ile Vainer alifanya kama alivyoombwa. Mifuko mitatu ya Ermes haikuwa na uzito sawa. Mkubwa ulikuwa na kilo arobaini, wa pili ishirini na tisa, na mdogo, ule wa kuwekwa karibu na pedali, ishirini na tano kamili. Aliuchukua huo mdogo, akaulaza nyuma ya kiti cha dereva, akaufunga kwa mikanda miwili ya ngozi usicheze. Akamwita Ermes aketi. Kipovu kikaingia kati ya mistari. Ermes alipokwenda kunywa mchuzi, Vainer alirudi chini ya gari peke yake, akaisimamisha ile nguzo kidogo sana, robo ya alivyofanya mara ya kwanza, kwa ajili ya mabega yale. Hilo hakumwambia.

Jumapili alimsubiri juu, Serramazzoni, kati ya watu waliokuwa wakila mikate na kushangilia kila gari. Alikuwa na hasira bado. Alikuwa na hasira na Novemba, na madaktari, na dada wa baharini, na zaidi ya yote na macho yake mwenyewe. Gari la rangi ya divai lilitokea kwenye kona ya mwisho, si la kwanza wala la mwisho, likaja limenyooka, na Ermes akaunyanyua mkono mmoja kutoka kwenye usukani, kisha wa pili, muda mfupi tu, ili Vainer aone.

"Haya?" Vainer akamuuliza dirishani.

"Limenyooka." Ermes alikuwa mweupe kama jibini lake, anahema, anacheka. "Na jepesi kidogo. Umeigusa ile nguzo, mwizi wewe."

"Sijagusa kitu."

"Muongo."

"Muongo ni aliyekuwa baharini kwa dada yake."

Tangu hapo Ermes huja kila Jumamosi kabla ya chakula cha mchana. Hasubiri kuitwa. Anavua koti na sweta, anapanda kwenye mizani, na Nives anasoma kwa sauti ya chini ili watu wa barabarani wasisikie. Juni walisoma sitini na tisa, halafu sabini, na siku ile ya sabini Vainer alichota kilo nzima ya kokoto kutoka mfuko mdogo, akaenda kuitupa mtoni mwenyewe, na redio ikawashwa kwa sauti mpaka padri akalalamika. Kwenye mifuko mingine ukutani, rangi ya ERMES 94 iliachwa kama ilivyo.

Jumamosi ya kwanza ya Septemba Nives alikisukuma chuma, akakirudisha, akakisukuma tena taratibu zaidi. Vainer akamkoholea.

"Sitini na nane na nusu," akasema.

Ermes alibaki juu ya mizani, anatazama miguu yake. "Mizani yenu imezeeka, Kamba," akasema.

Vainer hajawahi maishani mwake kukubali kwamba chombo chake chochote kina kasoro. "Imezeeka kweli," akajibu. "Nitainunulia nyingine." Kisha akaenda kwenye pipa la kokoto, akachota kilo moja na nusu, akarudi kwenye gari na kuziongeza kwenye mfuko mdogo.